Adolf von Baeyer na Rangi ya Nili

Wasomaji wa Dimani, wa Kibiti na wa delta yote ya Rufiji waijua kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi, ambayo bibi zetu waliivaa shambani. Zamani rangi hiyo ilitoka katika majani ya mnili, uliolimwa sana Bara Hindi. Aliyeanza kuigeuza habari hiyo ni Mjerumani, Adolf von Baeyer.

Alizaliwa Berlin tarehe 31 Oktoba 1835. Alipokuwa na miaka 12 alikwisha kutengeneza chumvi mpya ya shaba na magadi. Na siku alipotimiza miaka 13 akajinunulia bonge la nili kwa thaler 2. Watoto wengine wangalinunua peremende! Akasoma Heidelberg kwa Bunsen na Kekulé, akafundisha Berlin na Strasbourg, hata mwaka 1875 akaitwa Munich kushika mahali pa Liebig. Mwaka 1880 akafaulu kutengeneza nili pasipo jani hata moja, na mwaka 1883 akaeleza jinsi sehemu zake zilivyoungana. Mwaka 1905 akapewa tuzo ya Nobel.

Lakini nili yake ilikuwa ghali kuliko ile ya shamba. Njia iliyofaa ilionyeshwa mwaka 1890 na Karl Heumann wa Zürich, nayo ilianza na naftalini, ile tuiwekayo sandukuni kufukuza nondo, itokayo katika lami ya makaa ya mawe. Naftalini ilipaswa kwanza kugeuzwa asidi ya ftaliki, na kazi hiyo ilikwenda polepole mno. Yasimuliwa kwamba siku moja, katika kiwanda cha BASF huko Ludwigshafen, kipimajoto kilivunjika ndani ya chungu chenye naftalini na tindikali ya kiberiti. Zebaki ikamwagika, ikageuka chumvi, na mara kazi ikaenda mbio. Chumvi hiyo ni kichocheo, nacho ni kama mshenga: huwakutanisha wawili wakaoana, naye mwenyewe hutoka vile alivyoingia, tayari kwenda posa nyingine. Kwa hiyo kidogo chake chatosha vitu vingi.

Nili ya kiwandani ikaanza kuuzwa mwaka 1897, baada ya kampuni kutumia marki milioni 18. Bei ikashuka. Wanaosifu kiwanda mara nyingi humsahau mkulima. Huko Champaran, katika Bihar, wakulima walikuwa wamelazimishwa na wenye mashamba wa Kizungu kulima mnili katika sehemu ya ardhi yao. Nili ilipokosa bei, wakuu hao wakawatoza kodi zaidi ndipo wawafungue katika sharti lile. Hasara ikawa ya mnyonge. Aprili 1917 Gandhi alikwenda kuwasikiliza.

Baeyer alifariki Starnberg tarehe 20 Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 81. Baadaye viwanda vikaiacha zebaki katika kazi hii, kwa kuwa ni sumu, vikatumia vanadi mahali pake.