Mobutu na dawa iliyobeba jina lake

Mobutu Sese Seko alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930, akachukua mamlaka mwaka 1965. Mwaka 1987, wakati SIDA ilikuwa inaua watu Zaire, Profesa Lurhuma wa Kinshasa pamoja na wenzake wa Misri walitangaza dawa mpya: MM1, yaani Mobutu-Mubarak. Ilipewa majina ya marais wawili kabla majaribio hayajaonyesha kama inaponya. Wagonjwa waliikimbilia, uthibitisho haukupatikana kamwe.

Mobutu alipougua saratani mwaka 1996, alitibiwa Uswisi. Alifariki Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba 1997.

Hata leo, anayeletewa dawa kule Mushaki, Masisi, aulize ilijaribiwa wapi na wangapi walipona, si mkubwa gani anaisifu.