Krapf wa Mlima Kenya alikuwa jamaa wa maneno

Shuleni tulimkariri Johann Ludwig Krapf kwa kitu kimoja: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, 1849. Andika hiyo, okota maksi, songa mbele. Mimi nimemwelewa juzi tu, kibandani Dunga, ngege mezani. Mama wa samaki aliniambia kwa Kijaluo, chiem. Msee wa Kakamega aliyekaa kando akasema khulia. Mimi nikasema kula. Sikiza vizuri: khulia na kula ni ndugu. Chiem ametoka boma lingine kabisa.

Kuna watu waliotumia maisha yao kufuata undugu wa aina hii. Krapf alizaliwa 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Akiwa bado mtoto, Jacob Grimm, yule yule wa hadithi za watoto, alikuwa anaweka maneno ya kale ya ukoo wa Kijerumani bega kwa bega. Kula kwa Kigothi ilikuwa itan, kwa Kiingereza cha kale etan, kwa Kinorse eta, kwa Kijerumani cha kale ezzan. Ona vile t imegeuka sehemu moja tu, na inageuka hivyo kwa mpango, neno baada ya neno.

Krapf mwenyewe hakunyooka. Mwaka 1829 aliacha chuo cha wamisionari cha Basel kwa kuwa alishuku wito wake. (Sisi tulioacha chuo tunamsalimia.) Baadaye akasoma theolojia Tübingen, akaenda Ethiopia 1837, akafukuzwa Tigray. Huko Ethiopia ndiko alijifunza Kioromo.

Alifika Mombasa Mei 1844 na mkewe Rosina, mjamzito. Julai homa ikawaangusha wote wawili. Rosina akafa siku chache baada ya kujifungua, na binti yao mchanga akamfuata. Walizikwa bara, upande wa Nyali. Mtu mwingine angepanda meli arudi kwao. Yeye mwaka huohuo alikuwa anatafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohiddin. Mmisionari na kadhi, meza moja, wakisaka neno. Hiyo picha hatukuonyeshwa darasani.

Mwaka 1850, Tübingen, alichapisha sarufi ya Kiswahili na orodha ya maneno ya lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Jaribu kula kwenye baadhi ya lugha hizo: Wagiriama husema kurya, Wakamba kuya, Wayao kulya. Kioromo kinasema nyaachuu, na hapo unajua ukoo umebadilika. Shina lenyewe ni kaduchu, ndio maana tunasema nasoma lakini nakula. Ukiondoa ku, linabaki la tupu, halina miguu ya kusimama.

Afya ilimrudisha Ulaya 1853, lakini Kiswahili hakukiacha. Alifariki Korntal, Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka uliofuata, hakuishika mkononi. Ziwa letu hakulifikia kamwe, na kwenye orodha yake ya lugha sita, chiem haimo.