John Newton, Nahodha Aliyetunga Neema ya Ajabu

Wimbo wa Neema ya Ajabu hatuhitaji kufundishwa tena. Aliyeutunga ni John Newton, na habari zake husimuliwa kwa haraka mno: aliuza watumwa, dhoruba ikampata baharini, akaokoka, akaiacha biashara ile, akatunga wimbo. Haikuwa hivyo.

Newton alizaliwa London mwaka 1725. Mama yake, aliyemfundisha Maandiko na nyimbo, alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka 7. Baba yake alikuwa nahodha, akamchukua baharini akiwa na miaka 11. Mwaka 1744 alikamatwa na kutiwa kwa nguvu katika jeshi la wanamaji. Akatoroka, akashikwa, akachapwa viboko. Baadaye alijikuta pwani ya Sierra Leone akimtumikia mfanyabiashara wa watumwa, mgonjwa na mwenye njaa, hata watumwa waliofungwa minyororo wakawa wanamgawia chakula chao kwa siri. Hilo la chakula tulishike.

Dhoruba ilikuja Machi 1748, meli ya Greyhound ikirudi Uingereza. Maji yaliingia, wakapiga pampu hadi nguvu zikawaishia, na Newton akamlilia Mungu. Siku hiyo aliiadhimisha kila mwaka hadi uzeeni. Lakini mwaka uleule alirudi Afrika akiwa msaidizi wa nahodha katika meli ya watumwa, na kati ya 1750 na 1754 alifanya safari 3 akiwa nahodha mwenyewe. Juu ya sitaha aliongoza mabaharia katika ibada. Chini yake watu walikuwa katika minyororo. Hakuona kosa. Aliiacha bahari kwa sababu ya ugonjwa uliomwangusha ghafla, wala si kwa kusutwa na dhamiri.

Alipata kazi ya forodha Liverpool, akajifunza Kigiriki na Kiebrania, na mwaka 1764 akawa kasisi huko Olney, mji wa wafuma lesi maskini. Hapo ndipo alipotunga sana, kwa maneno mepesi ambayo mfuma lesi angeyaelewa. Wimbo wetu aliuandaa kwa ibada ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1773, somo likiwa 1 Mambo ya Nyakati 17:16-17, Daudi anaposhangaa alikotolewa na Mungu. Mwenzake katika utunzi, mshairi William Cowper, aliugua akili mwaka huo, na Newton alimweka nyumbani kwake kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kitabu chao chenye nyimbo 348 kilitoka mwaka 1779. (Tuni tunayoimba si yake. Iliunganishwa na maneno hayo huko Marekani mwaka 1835, na bila tuni hiyo sidhani wimbo ungetufikia.)

Sasa tuhesabu. Baada ya kuandika wimbo huo wa neema, ilipita miaka 15 kabla Newton hajailaani hadharani biashara ile. Wapo wanaosema wimbo wa mtu wa namna hiyo usiimbwe kanisani, hasa na sisi Waafrika. Siwalaumu. Ila mimi nautazama pia mwaka 1788, alipochapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa. Alikuwa kasisi mwenye heshima London, na hakuna aliyekuwa akimdai maelezo. Aliandika kwa jina lake, akaungama aliyoyafanya na kueleza mateso aliyoyaona melini. Kijitabu kiligawiwa wabunge, naye akatoa ushahidi mbele yao. Kabla ya hapo, mwaka 1785, mbunge kijana William Wilberforce alimwendea kwa siri akifikiria kuacha siasa. Newton alimshauri abaki bungeni. Alibaki, akaipigania sheria kwa miaka mingi, na bunge likashindwa kuipitisha mara kadhaa.

Sheria ya kuwakataza Waingereza biashara ya watumwa ilipita Machi 1807. Newton alikuwa bado hai, macho yake yakiwa yamefifia karibu kabisa. Alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huohuo.