Mwenda Jean Bosco: gita moja, bila ampli

Siku hizi gari ya kifahari ikipita ku Kakontwe, unaisikia mbele ya kuiona. Mwenye nayo ametoa bafle za kiwanda, ameweka ampli na bafle nene ya besi nyuma, na vioo vya nyumba vinatetemeka. Lakini muziki uliopeleka jina la Likasi mbali kabisa haukuhitaji hata waya moja.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, kwa Bayeke. Mwaka 1952, mji wetu ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alimkuta hapa akipiga gita. Tracey alizunguka Afrika kunasa muziki, na mashine zake zilisafiri ndani ya gari. Bosco yeye alikuwa na gita lake tu. Kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinacheza juu. Mtu akisikia Masanga mara ya kwanza anafikiri wapiga gita ni wawili.

Sahani zake zilivuka mipaka. Alikaa kitambo Nairobi, akasikika redioni, na vijana wa Kenya wakaiga vidole vyake. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Hata hivyo, gita peke yake halikumlisha. Alifanya pia kazi ya ofisi.

Alikufa mwaka 1990, kwa ajali ya gari. Masanga ipo bado. Ukiiweka ndani ya zile bafle kubwa, punguza besi kwanza, la sivyo kile kidole cha shahada hutakisikia.