Lewis Tappan: Mwasisi wa daftari la wakopaji

MKULIMA au mfanyabiashara anapoomba mkopo benki, jambo mojawapo linaloangaliwa ni jinsi alivyolipa madeni yake ya nyuma. Utaratibu huo wa kutunza kumbukumbu za wakopaji ulianza zamani, na mmoja wa waasisi wake ni Mmarekani Lewis Tappan.

Tappan alizaliwa mwaka 1788 mjini Northampton, jimbo la Massachusetts. Baada ya biashara zake kuyumba, mwaka 1828 alijiunga na kaka yake, Arthur, aliyekuwa akiuza hariri kwa jumla jijini New York. Wenye maduka wa mikoani walichukua mzigo kwa mkopo na kulipa baada ya miezi kadhaa.

Mwaka 1837 uchumi wa Marekani uliporomoka. Wadaiwa walishindwa kulipa, na kampuni ya akina Tappan ikakwama ikiwa na madeni ya zaidi ya dola milioni 1. Ndugu hao hawakukimbia. Waliomba muda kwa waliowadai, wakalipa deni lote katika miezi 18 hivi.

Msukosuko huo ulimfunza Lewis kwamba muuzaji hakuwa na njia ya kumjua mteja wa mbali. Mwaka 1841 akafungua ofisi iliyoitwa Mercantile Agency. Mawakili wa miji mbalimbali walimwandikia kuhusu kila mwenye duka: ana mali kiasi gani, analipa kwa wakati, ni mchapakazi au mlevi. Habari hizo ziliandikwa kwa mkono katika vitabu vikubwa, na waliolipa ada ndio waliosomewa. Abraham Lincoln, kabla ya kuwa rais, alikuwa mmoja wa mawakili hao.

Kasoro kubwa ilikuwa kwamba mkopaji hakuonyeshwa kilichoandikwa juu yake. Ndugu wawili wa ukoo wa Beardsley, wenye duka Norwalk, jimbo la Ohio, walishitaki wakidai taarifa za uongo zimewaharibia biashara. Mwaka 1851 waliamuliwa kulipwa dola 10,000, ingawa Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo mwaka 1870.

Tappan, aliyejulikana pia kwa kupinga utumwa, alistaafu biashara hiyo mwaka 1849 na kufariki dunia mwaka 1873. Ofisi yake ndiyo iliyozaa kampuni ya Dun & Bradstreet mwaka 1933, jina ambalo baadaye lilifika hadi Tanzania katika kazi hiyohiyo.

Leo mkopaji nchini ana haki ambayo akina Beardsley hawakuwa nayo: kuomba taarifa yake na kupinga makosa. Itumie kabla ya kwenda benki, uhakikishe mkopo uliomaliza kulipa hauonyeshwi kama deni. Lipa kwa tarehe. Mazao yakiharibika au biashara ikikwama, mfuate mkopeshaji mapema mpange upya, kama walivyofanya akina Tappan. Anayejificha huandikwa vibaya.