Manute Bol: Mrefu aliyewatatiza wapima thamani

NI wachezaji wachache wa mpira wa vikapu waliowakanganya wasaka vipaji na wakuu wa timu kama marehemu Manute Bol, mwana wa jamii ya Dinka kutoka Sudan Kusini aliyekuwa na kimo cha mita 2.31. Kila mkataba wake ulipokaribia kikomo, swali lilikuwa lile lile: je, huyu ni silaha au ni kioja cha kuvutia watazamaji?

Swali la namna hiyo huzuka kila mwaka wachezaji wa ligi ya NBA waliomaliza mikataba wanapokuwa huru kujitafutia timu, hasa linapomhusu mchezaji mrefu wa kati. Nasi huku Nairobi, ambako kijana mrefu wa Waithaka au Kawangware huelekezwa kwenye mpira wa vikapu kabla hata ya kuulizwa iwapo anaupenda, tuna sababu ya kuyatazama upya maisha ya Bol.

Tarehe yake ya kuzaliwa huandikwa kuwa Oktoba 16, 1962, ingawa hakuwa na cheti cha kuithibitisha. Alichunga ng'ombe wa familia yake huko Turalei kabla ya kwenda mjini na kujifunza mchezo huo. Kocha Mmarekani, Don Feeley, ndiye aliyemwona Sudan na kumfungulia njia ya kwenda Marekani. Mnamo 1983 timu ya San Diego Clippers ilimteua lakini ligi ikaubatilisha uteuzi huo. Alicheza msimu mmoja katika Chuo Kikuu cha Bridgeport, kisha mwaka 1985 Washington Bullets wakamchukua katika raundi ya pili, akiwa wa 31.

Msimu wake wa kwanza ulizima kicheko cha wenye kejeli. Katika mechi 80 alizuia mitupo 397, takriban mitano kwa kila mechi, idadi ambayo hakuna mchezaji mgeni katika ligi hiyo aliyewahi kuifikia. Alimaliza msimu akiongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo, na akaongoza tena msimu wa 1988-89 akiwa na Golden State Warriors.

Hata hivyo, mezani kwa mhasibu wa timu kulikuwa na safu nyingine ya tarakimu. Kwa mechi 624 alizocheza NBA, Bol alifunga pointi 1,599 na kuzuia mitupo 2,086. Hakuna mchezaji mwingine mwenye taaluma ya kiwango hicho aliyezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga. Mwili wake ulikuwa mwembamba kama unyasi, na wapinzani wenye misuli walimsukuma watakavyo chini ya kikapu. Alipopewa mpira, timu yake ilikuwa kama inashambulia kwa watu wanne.

Kwa maoni yangu, waliomhukumu kwa pointi walipima maziwa kwa rula. Kazi kubwa ya mlinzi wa aina yake haiandikwi popote: ni mshambuliaji anayekaribia kikapu, akauona mkono ule mrefu, akageuka na kurusha mpira kutoka mbali. Kocha Don Nelson wa Warriors alilielewa hilo. Alimruhusu hata kujaribu mitupo ya pointi tatu, ili mlinzi wa upande wa pili alazimike kutoka chini ya kikapu. Msimu ule alijaribu 91 akafunga 20. Si hesabu ya kujivunia, lakini Machi 3, 1993, akiwa na Philadelphia 76ers, alifunga sita katika kipindi cha pili dhidi ya Phoenix Suns.

Miezi michache baadaye akawa mchezaji huru, na soko likatoa hukumu. Magoti yalikuwa yanauma na dakika zake uwanjani zilikuwa zimepungua. Miami Heat walimsajili akacheza mechi nane, Washington mbili, Philadelphia nne. Msimu uliofuata alicheza tano na Warriors, ndipo NBA ikamfungia mlango.

Fedha alizochuma hazikubaki Marekani. Sehemu kubwa ilikwenda kwa harakati za SPLA na kwa jamaa waliokimbia vita. Alirejea Khartoum akitumaini amani. Inasimuliwa kwamba aliahidiwa uwaziri kwa sharti la kusilimu, akakataa, na kuondoka kwake kukawa kugumu hadi 2001 alipofika Misri. Mwaka uliofuata aliingia Marekani kama mkimbizi.

Huko alikubali kupigana masumbwi ya maonyesho na William Perry, aliyekuwa mchezaji wa soka ya Kimarekani, na hata kuvaa sare za timu ya magongo ya barafuni, yote ili kuchangisha pesa za watoto wa Sudan. Wengi walicheka. Alijua wanacheka, na alijua pia bei ya tiketi zao. Mnamo 2004 alivunjika shingo katika ajali ya gari.

Mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa saini hapa Nairobi Januari 9, 2005. Bol alitumia miaka yake iliyosalia akihimiza upatanisho na ujenzi wa shule kwao Turalei. Alifariki Juni 19, 2010 huko Charlottesville, Virginia, kutokana na maradhi ya figo na ugonjwa mkali wa ngozi. Alizikwa Turalei, miezi michache kabla ya kura ya maamuzi iliyozaa taifa la Sudan Kusini.

Mwanawe, Bol Bol, aliteuliwa NBA mwaka 2019 akiwa wa 44. Mwaka 2023 Orlando Magic walimwachilia, akawa mchezaji huru, na waliomchukua ni Phoenix Suns.