Luca Pacioli, mtawa aliyewafungulia wafanyabiashara siri ya daftari

Mwaka wa 1494, kitabu kinene cha hesabu kilichapwa katika mji wa Venice, Italia. Kilikuwa na kurasa karibu 600, lakini sehemu iliyowafaa zaidi wafanyabiashara haikufika kurasa 30. Ilieleza namna ya kushika daftari za biashara. Mwandishi wake alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, jina lake Luca Pacioli.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1447 Sansepolcro, mji mdogo wa Tuscany. Akiwa kijana alienda Venice, akaishi kwa mfanyabiashara Antonio Rompiasi, akiwafundisha watoto wake watatu. Baadaye akaingia utawa na kufundisha hesabu Perugia na miji mingine.

Njia ile hakuibuni yeye. Wafanyabiashara wa Italia waliitumia zaidi ya miaka 100 kabla hajazaliwa, naye mwenyewe alisema wazi kwamba anafuata desturi ya Venice. Lakini wasomi wa wakati ule waliandika zaidi Kilatini. Pacioli aliandika kwa lugha ya watu wa soko, na mashine ya kuchapa, iliyokuwa bado mpya, ikaifikisha mbali.

Kwanza alitaka mtu aandike mali yake yote: pesa, bidhaa, nyumba, nguo, hata madeni. Kisha daftari tatu. La kwanza ni kaye ya kila siku, ambamo mtu yeyote wa nyumba anayejua kuandika anaweka papo hapo kilichouzwa au kununuliwa, kwa pesa yoyote iliyolipwa. Venice ilipokea sarafu za kila aina, sawa na Goma leo, ambako dola, franka za Kongo na za Rwanda zinakutana kwenye meza moja. La pili, jurnali, linageuza yote kuwa pesa ya aina moja. La tatu ni daftari kubwa: kila jambo linaandikwa mara mbili, kushoto anayedaiwa, kulia anayedai. Pande mbili zisipolingana, kuna kosa.

Pengine sehemu inayomgusa zaidi mwenye butiki ndogo ni akaunti ya matumizi ya nyumbani. Kuni, mafuta, chumvi, viatu vya watoto: vyote viandikwe mahali pake. Bila hiyo mtu anaona pesa inaingia kila siku, kumbe anakula mtaji. Na wanaoshirikiana, alisema, wafunge hesabu kila mwaka.

Aliwalaumu pia wenye daftari mbili, moja ya kuonyesha wanunuzi, nyingine ya kuonyesha wauzaji. Ujanja huo si wa leo.

Mwaka wa 1496 aliitwa Milan na mtawala Ludovico Sforza. Huko akawa rafiki ya Leonardo da Vinci, aliyemchorea picha za kitabu kingine, mpaka Wafaransa walipouteka mji mwaka wa 1499 nao wakakimbia.

Pacioli alikufa mwaka wa 1517. Sheria ya OHADA, inayofuatwa Kongo tangu mwaka wa 2012, bado inadai jurnali na daftari kubwa, huku wafanyabiashara wadogo kabisa wakiruhusiwa njia nyepesi ya kuandika pesa iliyoingia na iliyotoka.